Mimba Aliyoitangaza Bi Maryamu

Bi Maryamu wa Sindeni hakuumbiwa kunong'ona. Husna, mke wa mwanawe Mwinjuma, alipokosa siku zake miezi minne na kunenepa tumbo, mama mkwe alikwenda kisimani akatangaza: "Mkwe wangu mjamzito, jembe hashiki tena!" Kupima? Apime nini, naye macho anayo! Hata alipomkuta Husna aking'oa ndevu kidevuni mbele ya kioo alicheka tu. Akasema huyo mtoto wa kiume anajitangaza mwenyewe.

Mwezi wa sita wa mimba hiyo Husna alimwambia ukweli: "Mama, humu tumboni hakuchezi kitu." Kesho yake wakapanda gari la asubuhi kwenda Korogwe.

Daktari Emiliana alimpima damu, akamwangalia tumbo kwa utrasaundi. "Mama, mimba hakuna. Homoni zake zimevurugika, mayai hayapevuki kila mwezi. Ndiyo maana hedhi imepotea na ndevu zinaota. Si chango la kuchemshiwa mizizi, wala si laana. Atameza dawa, atapunguza sukari na wanga, atatembea kila siku, na ataandika tarehe zake. Wengi wenye hali hii huzaa."

Nje Husna alilia. "Watasema nimewadanganya. Watamwambia Mwinjuma aoe mwingine."

Bi Maryamu alijisikia vibaya, vibaya sana. Angeweza kusema mimba imeharibika, aibu ikaisha. Lakini uongo huo angeubeba Husna maisha yake yote, na mdomo uliowahi kutangaza haukuwa wa Husna. "Niwaambie ukweli?" alimuuliza. Husna akafuta machozi, akaitikia kwa kichwa.

Wiki iliyofuata, kisimani, Bi Maryamu aliweka ndoo chini. "Nilikosea mimi, si yeye! Mkwe wangu hana mimba. Homoni zimevurugika na anatibiwa. Mwenye neno aniletee mimi."

"Na Mwinjuma haoi?" mmoja akachokoza.

"Mwinjuma anatembea na mkewe kila jioni mpaka barabara kuu. Wako yuko wapi saa hizo?"

Kisima kizima kikaangua kicheko, na habari ya kuoa ikafa hapo hapo.

Mwezi wa tatu wa dawa, asubuhi, Husna alitoka bafuni akamnong'oneza mama mkwe. Bi Maryamu aliutupa ungo na mchele wake, akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja mbio, kanga hazijafungwa vizuri.

"Kuna nini? Nani kajifungua?"

"Hedhi!" alipaza sauti, kifua mbele. "Mkwe wangu kaziona siku zake!"

Husna alijifunika uso kwa kanga, akitamani ardhi ipasuke immeze. Wakati wengine wakicheka, jirani mmoja alimsogelea, akauliza kwa sauti ya chini sana: "Huyo daktari anapatikana siku gani?"

Husna akaifunua kanga. "Jumanne, shoga yangu!" alijibu, na sauti yake ikafika mpaka nyumba ya pili. "Nitakupeleka mwenyewe."