Kibegi cha Waridi cha Wasagaji

Hakuna sauti iliyomkera Wendell Kratz kama ile ya gongo la besiboli linapoukamata mpira sawasawa. Hakuhitaji hata kuinua macho. Alitema maganda ya mbegu za alizeti, akasubiri, na kweli watu wakaguna jukwaani: mpira umevuka ukuta wa kushoto, umeangukia kwenye yadi ya muuza magari. Muuza magari mwenyewe alikuwa keshahamisha magari yake mapya tangu Juni. Pale ukutani sasa aliegesha mikweche tu.

Wendell alikuwa kocha wa warushaji wa Wasagaji, yaani wasaga nafaka, timu ndogo ya besiboli ya Dunmore Falls, Iowa, ambako timu kubwa huwapeleka vijana wake waive kwanza. Msimu huu hawakuiva, waliungua. Vijana wenye mikono ya dhahabu, wanaorusha mpira ukapita kama risasi, na bado kila siku wapigaji wanaitandika mipira yao hadi nje ya uwanja kama vile wameambizana mapema mpira unakuja wapi, na kila unaovuka ukuta ni pointi kwa mpinzani.

Alijaribu kila kitu. Aliwabadilisha namna ya kushika mpira, akawabadilisha mguu wa kusimamia, akawaonyesha picha za video mpaka wakasinzia. Alilaumu upepo. Kinyozi wake alisema ukuta uko karibu mno. Darlene, mkewe, alisema labda vijana hawalali. Mhudumu wa mgahawa wa Colby's alimmiminia kahawa na kumuuliza kama leo avae kofia ngumu akienda kuegesha gari. Watu walicheka. Wendell naye alicheka, kwa meno tu.

Jambo moja tu ndilo alilojivunia. Alipofika Dunmore Falls miaka mitatu iliyopita, warushaji walikuwa wanagawa njia kama sadaka. Mrushaji akitupa mipira minne nje ya eneo la kupiga, mpigaji huenda kituo cha kwanza bila kutoa jasho, na Wendell hakuwahi kuchukia kitu kama hicho. Kwa mrushaji, alisema, huo ni uoga. Msimu huu ulipoanza akachukua kile kibegi cha rangi ya waridi cha kubebea peremende za wachezaji, kibegi cha mtoto wa chekechea chenye picha ya farasi mwenye pembe, ambacho kila timu humtwika aliye mgeni kuliko wote, akakitungia sheria mpya. Atakayegawa njia ya bure ndiye atakibeba. Si uwanjani tu: mgongoni njia nzima, hadi Colby's, na atakula nacho mgongoni huku mji mzima ukimpiga picha.

Dawa iliingia. Njia za bure zilikwisha. Kila kibegi kilipoonekana mtaani, kilikuwa kwenye mgongo wa mtu mmoja, Dewey Pruitt, kijana mnene kutoka Kentucky asiyejua aibu inauzwa wapi. Pruitt alikibeba kama cheo. Aliwapungia watoto mkono na kula peremende zote njiani. Wendell alimwona bure kabisa. Kwamba Pruitt ndiye pekee ambaye mipira yake haikuwa ikivuka ukuta, Wendell aliliona hilo, akasema ni bahati ya wajinga.

Aliyempenda ni Tobin Aldersey. Tobin alitoka kwenye kijiji kimoja cha Nebraska, mpole, msikivu, mkono ambao Wendell hakuwa ameuona kwa miaka ishirini. Naye ndiye aliyepigwa kuliko wote. Jumapili hiyo asubuhi meneja wa timu, Hal Brubaker, alimwita Wendell pembeni akamwambia wazi kwamba wakubwa wamechoka. Leo Tobin anarusha. Mpira mmoja zaidi ukivuka ukuta, kijana anarudishwa kwao.

"Nipe mwezi mmoja, Hal," Wendell alisema. "Mwezi tu. Nitajua ugonjwa wake."

"Umepewa msimu mzima, mzee mwenzangu."

Mchana ule Tobin alirusha vizuri hadi Wendell akaanza kupumua. Raundi ya saba ikafika, Wasagaji wako mbele kwa pointi moja, mpinzani mmoja amesimama kituo cha pili, na anayeingia kupiga ni Voss, jitu lenye mikono kama mapaja. Wendell akatoka kwenye kibanda cha timu, akakokota miguu hadi kwenye kilima cha mrushaji.

"Huyu usimpe kitu, umenisikia?" alisema. "Rusha pembeni, rusha chini. Akitaka kwenda kituo cha kwanza, aende zake. Anayefuata hata mama yangu angemmaliza."

"Sawa, kocha," Tobin alisema, na akaitikia kwa kichwa kama kawaida yake.

Alirusha pembeni. Voss akauacha. Akarusha chini, Voss akauacha. Wa tatu nje tena. Wendell alifurahi; umebaki mmoja tu, jitu liende kituo cha kwanza tumalize kazi. Ndipo Tobin akageuza shingo, akatazama upande wa kibanda mara moja, akajikunja na kuurusha mpira katikati kabisa, mahali ambapo kipofu angeupiga.

Sauti ile.

Wendell alilipiga teke pipa la maji likapinduka, na mguu ukamuuma mpaka mchezo ukaisha.

Alipoingia chumba cha kubadilishia nguo, Tobin alikuwa keshatoka ofisini kwa Brubaker. Alikuwa anakunja soksi zake moja moja na kuzipanga kwenye mfuko. Wenzake walijifanya wanafunga kamba za viatu. Wendell alikuwa amejiandaa kumpa pole, lakini hasira ndiyo iliyotangulia.

"Nilikwambia usimpe kitu! Nilikwambia kwa Kiingereza au kwa Kichina?"

"Ilishafika mipira mitatu nje, kocha."

"Kwa hiyo? Si ungetupa wa nne huko uchochoroni? Nani angekulaumu?"

Tobin aliipanga soksi ya mwisho. Alitazama ukutani, pale kibegi cha waridi kilipokuwa kinaning'inia kwenye msumari, juu ya kiti cha Pruitt.

"Mama amekuja leo," alisema. "Ameendesha gari kwa saa saba nzima. Tulikuwa tumepanga kwenda kula Colby's."

Wendell naye akakitazama kibegi.

"Sheria ni sheria," Tobin akaendelea, bila kinyongo hata kidogo, kama mwanafunzi anayemweleza mwalimu somo alilofundishwa. "Sikutaka anione nacho. Wala wenzangu hawakitaki, kocha. Ikishafika mitatu tunarusha tu katikati tukiomba Mungu." Alifunga zipu ya mfuko wake, akasimama na kunyoosha mkono. "Lakini msimu mzima sikukibeba, hata mara moja. Nilitaka ujue hilo."

Alisema kwa fahari. Wendell alimpa mkono kwa sababu hakuwa na kingine cha kumpa, na kijana akatoka.

Akawatazama waliobaki. Hakuna aliyemtazama, isipokuwa Pruitt, aliyekuwa anatafuna kitu. Wendell akakiangua kibegi pale msumarini. Kilikuwa chepesi, ndani mna karatasi tupu za peremende. Alitaka kukitupa kwenye pipa la takataka, akaona haya kukitupa mbele yao kana kwamba kibegi ndicho kilichokosa.

Basi akakipachika mgongoni. Mikanda ilikuwa ya mtoto, ikambana makwapa. Akatoka nacho hivyo hivyo hadi uwanja wa maegesho, awahi kumwambia Tobin mbele ya mama yake kosa lilikuwa la nani. Alifika wakati gari lenye namba za Nebraska linakunja kona kuelekea barabara kuu. Wala hawakupita Colby's.