Hana Mtu

Siku ambayo kamati ingechuja majina ya wanafunzi, Ciakuthii alimwamsha Karambu kabla jogoo wa jirani hajawika. Walipiga magoti kando ya kitanda kama ilivyokuwa desturi yao, na yule mama akaomba ombi ambalo Karambu hakuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Bwana, leo tutakosa kidogo. Utusamehe mapema."

Kisha akampa uji na maagizo. Kamati iligawa fedha za mfuko wa masomo uliowekwa kwa ajili ya vijana waliolelewa na watu wasiowazaa, ili nao wafike chuo. Lakini mwaka uliopita watoto wa wenye maduka na malori walijipenyeza wakala haki ya wenzao, basi kamati ya hapo Kianjai ikajitungia kanuni yake. Kijana atasimama mbele ya watu katika ukumbi wa kanisa, na mwenyekiti atawauliza watu kama ana mtu, yaani yeyote wa kumtegemea. Wakijibu kwamba hana mtu, jina lake litapita. Wakisema anaye, aende kwa mtu wake akalipiwe huko.

Ciakuthii alimwambia anyamaze tu. Alikwisha kuzungumza na majirani, nao wangemjibia. Yeye mwenyewe angekuwa shambani akipalilia maharagwe, asionekane karibu na ukumbi.

Karambu alikunywa uji wake polepole. Alikuwa ameitwa kusomea kilimo katika chuo kikuu kule Embu, na bila msaada ule safari yake ingeishia langoni pao. Alilijua hilo vizuri. Lakini alijua na jambo jingine. Alikuwa mtoto wa miaka mitatu makao ya watoto kule Kinoru yalipofungwa, na afisa wa watoto akamleta kwa mjane huyu asiye na mtoto, akimwomba amweke wiki mbili tu. Wiki mbili hizo zilikuwa hazijaisha mpaka leo.

Ciakuthii hakuwa mzaliwa wa Kianjai. Aliolewa kutoka Mbeere, mumewe akafa mapema, na mahali ambapo mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake, yeye alibaki Ciakuthii tu. Karambu alikua, akamzidi kimo, akaenda sekondari na kurudi, na bado hakuna aliyemwita Mama Karambu. Salesio, mwenye mashine ya kusaga unga, alizoea kumtania kila alipopeleka mahindi: kuku wa jirani hata umlishe vipi, jioni atarudi kwao. Ciakuthii alicheka, akalipa, akajitwika unga wake. Karambu hakucheka hata siku moja.

Ukumbi ulijaa mapema. Mwenyekiti alikuwa Kaimenyi, mwalimu mstaafu, mtu wa haki aliyependa mambo yaishe kabla ya chakula cha mchana. Wa kwanza kuitwa alikuwa Kiambi. Kila mtu alijua kwamba Kiambi alilelewa na mzee Gitobu, ingawa hawakuwa na udugu wowote. Kila mtu pia alikuwa amemwona mzee huyo nje, karibu na lango, akikaza na kulegeza mnyororo wa baiskeli ambayo haikuwa na ubovu wowote.

"Huyu kijana ana mtu?" Kaimenyi aliuliza.

Hana mtu, ukumbi ukajibu. Kiambi akainamisha kichwa, akarudi kuketi.

Kisha akaitwa Karambu. Alisimama mbele, mikono imeshikana, na swali likaulizwa lilelile. Hana mtu, wakajibu, tena kwa wema wa moyo. Hata Salesio alijibu. Lakini katika sauti hizo kulikuwa na moja kutoka nyuma, karibu na mlango, yenye lafudhi ya Mbeere. Ni sauti iliyomwita kutoka mtoni jioni, iliyomsomea sala alipougua. Sauti hiyo ilirudia peke yake, kwa nguvu, kama ya mtu anayeogopa kwamba hakusikika mara ya kwanza.

"Hana mtu."

Maharagwe yalikuwa yameachwa. Ciakuthii alikuwa pale, leso imemfunika mpaka kwenye nyusi, amekuja kuhakikisha kwamba amekanwa sawasawa.

Kaimenyi alimwonyesha Karambu kiti. Karambu aliomba kimyakimya. Hakuomba maneno. Aliomba magoti yake yasimtii mwalimu.

"Mwenyekiti, waulize tena," alisema. "Na yule mama mwenye leso kule nyuma, umwulize peke yake."

Watu wakacheka. Kaimenyi akamwambia kwa upole kwamba amekwisha kupita, aketi. Karambu akasema hajapita.

"Wewe msichana," Salesio akamwambia, "mtu akikushikia ngazi, usiitikise."

Karambu aligeuka. Alipita katikati ya viti mpaka mlangoni, akaushika mkono wa yule mama, mkono ambao bado ulikuwa na udongo kwenye kucha.

"Mama, sema tena. Sema ukinitazama."

Ciakuthii akajaribu kuuchomoa mkono wake.

"Usinifanyie hivi, mwanangu," alinong'ona, na kwa kuwa ukumbi ulikuwa umetulia tuli, kila mtu alilisikia neno la mwisho.

Kaimenyi alivua miwani. Alisema kwamba jambo hilo linamuuma, lakini kanuni ni kanuni, na aliye na mtu aende kwa mtu wake.

"Kanuni yenu inatafuta mtoto asiye na mtu," Karambu alisema, bila kuuachilia ule mkono. "Mtoto asiye na mtu hafiki mbele yako, mwalimu. Hafiki hata darasa la pili. Kila unayemwita leo, kuna mtu aliyemvusha. Ikiwa bei ya fedha hizo ni kumkana mama yangu, kaeni nazo. Lakini sitaondoka hapa, na sitaketi."

Kisha kiti kikalia mbele, Kiambi akasimama, uso umemwiva kwa aibu.

"Mwalimu, hata mimi niko na mtu. Ako pale langoni anatengeneza baiskeli nzima."

Kicheko kilichofuata hakikuwa kama cha kwanza. Mzee Gitobu aliletwa ndani akivutwa mkono wa koti, mafuta ya mnyororo vidoleni, akilalamika kwamba hakuna aliyemwambia kuna mkutano.

Kaimenyi alivaa tena miwani yake, akawatazama wale wanne. Kisha akaacha swali la kamati na kuuliza swali ambalo mfuko wenyewe uliuliza tangu mwanzo: watoto hawa wamezaliwa na nani? Watu wakasema hatujui. Na wamelelewa na nani? Hapo watu hawakujibu kwa pamoja. Huyu alinyoosha kidole kwa Gitobu, yule akamnyooshea mwenye leso.

"Basi majina yanapita," Kaimenyi alisema. "Walezi watie sahihi. Mama Karambu, njoo mbele."

Ciakuthii akageuka nyuma kuangalia ni nani anayeitwa.

"Ni wewe," Karambu akamwambia. "Nenda."

Akaiteremsha leso mabegani, akaenda. Salesio, aliyekuwa ameketi pembeni mwa njia, akakunja miguu yake, akampisha.