Fundo la Mwani

Mimi ni mtu wa Unguja, na kosa langu lilianzia hapo. Kwetu mwani hupandwa na akina mama, maji yakiwa magotini. Kwa hiyo mwalimu wa klabu yetu ya kupiga mbizi hapa Johannesburg alipotuonya kwamba mwani wa Cape Town hunasa watu, nilicheka. Mwani unitishe mimi, Mselem?

Marcelline, mwenzetu klabuni, hakucheka. Ni msusi wa mtaa wa Berea, mzaliwa wa Bukavu, Kongo, na kuogelea alijifunza mwaka huu tu, kwenye bwawa la Turffontein. Nilizoea kumtania kwamba anaogopa hata maji ya kuoshea nywele. Tulipofika Cape Town, ndiye niliyepangiwa kuzama naye. Nikanuna.

Tuliingia baharini kutoka miambani. Baridi ile haina adabu, meno yaliniuma hadi kwenye mizizi. Mwani ulisimama toka chini hadi juu, mrefu kama minazi. Nikajipenyeza mbele peke yangu, nimwonyeshe. Ghafla nikazuiwa. Mwani ulikuwa umenasa kisogoni, penye koki ya mtungi wa hewa. Nikavuta. Nikageuka, ukajizungusha zaidi. Nikavuta tena huku nahema ovyo, na mshale wa kipimo cha hewa ukaingia kwenye nyekundu. Akilini nikamwona Fauzia, mke wangu, na binti yetu wa miezi minne. Kiburi si maungwana, ila mimi nililijua hilo nimeshachelewa.

Marcelline akatokea. Akanishika mabega, akaniashiria nitulie, kisha akapita nyuma yangu. Nilihisi vidole vyake vikifungua utepe wa mwani mmoja mmoja, bila haraka yoyote. Nilipokuwa huru, alinishika mkono hadi juu.

Mwambani hata zipu ya vazi la mbizi ilinishinda. Akanifungulia yeye.

“Wee kaka Mselem, ulikuwa unavuta! Nywele yenye kujifunga hatuvutake. Tunaanziaka kwa mwisho, polepole.”

“Dada, umeniokoa.”

“Ni Mungu njo ameokoa. Mimi nilifungua tu.”

Tuliporudi Johannesburg nilimkaribisha nyumbani, nikamsimulia Fauzia yote, ujinga wangu sikuuficha. Alisikiliza hadi wali ukaungua jikoni. Aliinuka, akamchukua mtoto kitandani, akamweka mapajani mwa Marcelline.

“Mpakate, dada,” alisema huku analia. “Huyu leo angekuwa yatima.”