Arudishwe Mkono kwa Mkono

Fundi Asmani wa Gitaza, kijiji cha pwani ya ziwa, alikuwa amefundisha vijana kumi na wawili kuunda boti, na hakuna hata mmoja aliyeletwa kwa karatasi. Kijana huletwa na mjomba wake, na kuku wawili, na kitenge cha mke wa fundi. Anaambiwa kaa pale, anakaa. Mwaka wa kwanza ni kuokota misumari na kufumba mdomo. Wa pili anashika tezo, wa tatu anashika randa, na siku moja fundi anamwambia nenda, katafute mbao zako. Ndiyo maana mwezi wa tatu wa mwaka 1972, alipomwona moniteri Radjabu akishuka kutoka barabarani na mkoba kwapani, alidhani mtu amekuja kuagiza boti.

"Siagizi kitu, fundi. Nimekuja kukutayarisha."

"Kunitayarisha? Mimi nimeshakuwa maiti?"

Radjabu alicheka, akakaa juu ya gogo. Alikuwa mtoto wa Waswahili wa Rumonge, na alifundisha useremala katika shule ya ufundi iliyo juu ya mji huo, kusini mwa Gitaza. Wanafunzi thelathini na mmoja wa mwaka wa tatu, maseremala na washonaji, alieleza, watakwenda staji, mazoezi ya kazi, kwa mafundi wa pwani yote ya ziwa, wiki sita, kila mmoja kwa patron wake. Wanafunzi alikuwa akiwatayarisha darasani kila mchana: namna ya kusalimu, kufika kabla ya saa, kuuliza kabla ya kugusa. Mapatron nao lazima watayarishwe, maana fundi akipewa mwanafunzi bila maneno humgeuza mtumishi wa nyumbani.

Akatoa fomu, akaanza kusoma. Mwanafunzi afundishwe kazi, si kufagia tu. Mwanafunzi asitumwe sokoni.

"Na kuni je?" aliuliza Mariyamu, mke wa fundi, aliyekuwa akianika ndagala, dagaa wa ziwa, pembeni.

"Kuni pia hapana, mama."

"Basi huyo si mwanafunzi. Munatuletea bwana harusi."

Kifungu cha mwisho Radjabu alikisoma mara mbili. Siku ya mwisho, Jumamosi tarehe ishirini mwezi wa tano, patron atamrudisha mwanafunzi shuleni yeye mwenyewe, mkono kwa mkono.

"Kwani hawajui njia?"

"Mwaka jana wawili walipotea, fundi. Mmoja alifuata wavuvi mpaka Uvira, wa pili tulisikia ameoa. Sasa direkta wa shule anataka kuona uso wa patron."

Asmani aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Katika fomu nzima, hicho ndicho kifungu alichokipenda. "Hilo ni neno la wazazi. Mutoto wa watu si ubao, umwachie njiani useme atafika." Akatia saini yake kwa herufi za Kiarabu, zile za madrasa, taratibu kama mtu anayepiga msumari kwenye mbao ya bei, na fomu ikabaki kwake mpaka siku hiyo.

Jumatatu tarehe kumi mwezi wa nne, Asmani alipotoka msalani alfajiri, alimkuta kijana mrefu amesimama mbele ya karakana, rula mkononi, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni.

"Amahoro, patron. Naitwa Jean-Pierre, natoka Kizuka, niko mwaka wa tatu, useremala. Nimekuja staji na ninawashukuru kwa kunipokea."

"Punguza, mwanangu. Mimi si gavana."

Lakini kila aliyepita pale alisomewa risala ile ile, mpaka wauza ndagala wakawa wanapita makusudi wamsikie. Kazini hakuwa wa kuchekwa. Alichora boti kwenye karatasi kabla ya kukata ubao, na Asmani, ambaye hajachora kitu maisha yake yote, alikwenda kuvipima vile vipande akitumaini kukuta kosa. Mataruma, ile mifupa ya pembeni ya boti, yalikaa kila moja mahali pake. Wiki ya tatu Mariyamu alikuwa akimwekea kijana kichwa cha samaki, kipande ambacho kwa miaka ishirini kilikuwa cha mumewe.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi ule mambo yakageuka. Waasi wa Kihutu walishambulia Rumonge na vijiji vya pwani, wakaua Watutsi, wakubwa kwa watoto. Kisha jeshi la serikali likashuka, na kilichofuata hakikuwa vita: Wahutu walichukuliwa majumbani na mashambani, na waliosoma ndio waliotafutwa kwanza. Leo hayo yanasimuliwa kwa mpangilio. Wakati ule, pale Gitaza, watu walikuwa na vipande tu: moshi upande wa kusini, kamyo za jeshi zilizofunikwa turubai, mtu aliyekuwepo jana na leo hayuko, na hakuna anayeuliza.

Jean-Pierre alikuwa Muhutu. Kutoka Kizuka hakikuja chochote, wala barua wala mtu. Aliendelea kupiga randa. Alilala nyuma ya karakana, na majirani walijifanya hawamwoni.

Katikati ya mwezi wa tano redioni kulisemwa amani imerudi. Asmani akaanza kuhesabu siku.

"Mwache hapa, baba Aziza," Mariyamu alimwambia mumewe. "Huko Rumonge ndiko moto ulikowaka."

"Hapa yeye ni nani? Ni mgeni katika nyumba ya Waswahili. Akija mtu akiuliza huyu wa nani, nitasema nini? Kule iko na direkta, iko na kitanda, jina lake liko kwenye rejista ya serikali. Nani atamgusa mtu aliyeandikwa?"

"Na wewe Jean-Pierre, unasemaje?"

"Mama, mtihani ni mwezi wa sita. Nisiporudi tarehe hiyo, diploma hakuna. Moniteri alituambia hivyo kila siku."

"Nilitia saini," Asmani akamaliza.

Basi Mariyamu akapiga shati pasi, akafunga ndagala kavu kwenye jani la mgomba. Jumamosi alfajiri waliondoka na boti yenye mota waliyoiazima kwa jirani, kwa kuwa barabarani kulikuwa na vizuizi. Kabla ya adhuhuri walifika Rumonge. Sokoni watu walikuwa wachache na walizungumza chini chini. Walipanda kilima, fundi mbele na kanzu yake safi, fomu imekunjwa ndani yake kifuani, kijana nyuma na rula yake.

Kitu cha kwanza Asmani alichokisikia shuleni kilikuwa kimya. Shule ya ufundi, na hakuna msumeno. Uani palisimama kamyo, turubai imefungwa kamba pande zote. Mbele ya mlango wa direkta palikuwa na meza, na nyuma yake mwanamume mwenye koti la mvua, ingawa jua lilikuwa kali. Askari wawili waliegemea ukuta. Na kando ya meza, mikono nyuma, alisimama Radjabu, amekonda kama aliyetoka kuugua.

"Asalamu alaikum, bwana moniteri," Asmani alisema. "Tarehe ishirini ndiyo hii. Nimetimiza."

Radjabu alimtazama kama ukuta unavyotazama. "Mzee, umepotea. Soko iko chini."

Asmani akatabasamu, akidhani ni mzaha. "Mimi nipotee? Wewe mwenyewe ulikuja..."

"Sikujui, mzee."

Jean-Pierre akasogea, akaweka miguu pamoja, rula ubavuni. "Amahoro, moniteri. Naitwa Jean-"

Mwenye koti akainua kichwa. Hapo ndipo Asmani alipoiona meza vizuri. Juu yake, chini ya jiwe, palikuwa na fomu. Fomu kama ya kwake, nyingi, kila moja na saini yake au dole gumba lake. Na ndani ya kamyo, chini ya turubai, mtu akakohoa. Akakohoa na mwingine. Walikuwa wengi mle ndani na hakuna aliyesema neno.

Fundi hakukumbuka baadaye kwamba aliamua. Mkono ulikwenda wenyewe, ukatua juu ya mdomo wa kijana kwa nguvu zote za mtu wa tezo. Rula ikaanguka.

"Nimekukataza mara ngapi?" alifoka. "Mabwana, munisamehe. Huyu ni Shafii, mutoto wa marehemu dada yangu. Kichwa chake haiko sawa. Akiona shule yoyote anasema ni ya kwake, anataka kusalimu wakubwa."

Damu ilimtoka Jean-Pierre kwenye mdomo. Macho yake yalikwenda kwa Radjabu, yakabaki pale, yakisubiri asahihishe kosa hili.

Mwenye koti akamgeukia Radjabu. "Wewe unawajua wote. Huyu ni wenu?"

"Huyu?" Radjabu alisema. "Ningepewa mwanafunzi kama huyu ningeacha kazi."

Askari mmoja akacheka. Mwenye koti akapunga mkono, ondokeni. Asmani aliokota rula, akamshika kijana kwenye kiwiko, wakashuka. Hakugeuka. Alijua rejista ina majina thelathini na moja, na kwamba mwisho wa siku mtu ataulizwa kuhusu jina ambalo halikufika, na mtu huyo ni Radjabu.

Hakukiachia kile kiwiko mpaka shule ilipofichika nyuma yao.

"Amenikana," Jean-Pierre alisema kwa mdomo uliovimba. Walitembea hatua kama ishirini. "Patron, yule aliyekohoa mara ya kwanza. Kile kikohozi nakijua. Tunalala kitanda kwa kitanda."

Asmani akaongeza mwendo.

Chini ya kilima walimkuta Sikujua, mwanamke fundi cherehani wa Rumonge, amekaa kivulini amevua viatu. Walifahamiana, alishawahi kumshonea Asmani matanga. Alikuwa amevaa kama mtu anayetoka harusini.

"Kaka Asmani. Na wewe umeleta wa kwako? Mimi wangu nimemfikisha saa tatu asubuhi, Nahimana, mutoto ana mkono mwepesi hujaona. Wamempokea vizuri, bwana. Tazama, nimepewa na karatasi ya mihuri." Akaifunua. "Yule bwana wa koti amenishukuru mwenyewe, murakoze cane. Amesema mapatron wa huku ni watu wa neno. Akaniuliza nani bado. Nikamwambia wote siwajui, lakini mrefu wa Gitaza sijamwona bado, yule wa boti ambaye Nahimana ananisimulia, Jean-Pierre, patron wake hawezi kukosa." Akamwangalia kijana, akacheka. "Si ndiye huyu? Umeanguka wapi, baba?"

Asmani alichuchumaa mbele yake ili asiseme kwa sauti. "Dada, wako ndani ya kamyo. Wote walioletwa."

"Wanapelekwa wapi?"

Asmani akainamisha kichwa. Sikujua aliendelea kutabasamu muda kidogo, kama uso haujapata habari. Kisha akaitazama ile karatasi ya mihuri. Akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

"Nilimshonea na shati," alisema. "Nikamwambia simama wima."

"Dada. Nisikilize. Tuma mtu Gitaza sasa hivi, kwa njia ya majini. Mariyamu asilale nyumbani. Aende kwa watu wake. Umenisikia?"

"Nimemwambia jina lake, kaka. Nimemtajia Gitaza."

"Nimesikia. Tuma mtu."

Sikujua alisimama, akaenda mbio kuelekea mialoni kwa wavuvi, viatu vikabaki kivulini. Kule juu ya kilima mota ya kamyo iliwaka.

Walipofika kwenye boti, Jean-Pierre aliingia majini bila kuambiwa, akaisukuma. Asmani alikaa nyuma, akashika kamba ya mota, akatazama kaskazini, upande wa nyumbani kwake na karakana yake, na boti ambayo haijakwisha. Kisha akatazama magharibi, ng'ambo ya ziwa. Milima ya Zaire ilionekana kama kitu kilichochorwa kwa penseli.

"Angalia mafuta."

Kijana alifungua tangi, akachungulia. "Nusu, patron. Yanatosha Gitaza."

"Hatuendi Gitaza."

"Kwa Zaire hayatoshi."

"Kasia ziko chini ya mbao ulizokalia," Asmani alisema, akavuta kamba.