Kalenda za Mama Nyuma ya Mlango

Huku kwetu magharibi ya Ireland, habari ya kifo hutoka redioni, mara tu baada ya taarifa ya saa tatu asubuhi, na hurudiwa jioni. Linasomwa jina la marehemu, ukoo aliozaliwa nao, kijiji chake, saa ya maziko, na kama nyumba iko wazi kwa wanaokuja kuwapa pole wafiwa. Ukithubutu kuongea majina yakisomwa, mama yetu Delia alikuwa anakutoa jikoni na mwiko mkononi. Kisha anavaa koti lake jeusi, huyo anakwenda. Kwa miaka sitini hakukosa maziko hata mara moja, kuanzia hapa Cloonagall mpaka mtoni. Nami nimemrithi. Nipe nyumba ya msiba iliyofurika watu, chai ya moto, mikate yenye nyama ya nguruwe, na yale maneno yasiyosemeka mbele ya padri. Sijui raha inayozidi hiyo.

Aprili ile ya korona Mama alikuwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Tulimwona kupitia dirishani tu, tunapunga mkono kama watu wanaosafiri. Na kaka yangu Colman alikuwa ameamua kwamba korona yenyewe ni hadithi.

"Wanajaza namba hao wa televisheni," alinifokea kutoka barabarani, mimi nikiwa mlangoni pangu. "Mtu kaanguka ngazini, wanamwandika korona. Mimi naingia mashamba arobaini kwa siku, dada. Ng'ombe wazima, watu wazima. Hao wafu wako wapi?"

Colman ni dereva wa lori la maziwa. Huyo hata nchi nzima ijifungie ndani, yeye lazima apite, kwa sababu ng'ombe hawana habari na serikali.

"Wewe unaona ng'ombe," nikamwambia. "Watu unawapungia tu kwenye kioo."

"Basi nitahesabu mwenyewe. Redio yetu haina sababu ya kunidanganya, anayesoma ni mke wa binamu yake Mulhern, yule mzee wa karibu na mto anayenipungia getini kila siku."

Akanunua daftari la shule. Kila asubuhi na kila jioni anaegesha lori, anafungua redio, anaandika majina. Mwisho wa Aprili akaja kwangu anameta kama aliyeshinda bahati nasibu.

"Hamsini na mbili! Kwa vijiji vyetu tu! Unaona wanavyotuficha?"

"Si ulisema wanajaza?"

"Kujaza, kuficha, uongo ni uongo."

Akaliweka daftari juu ya ukuta, akarudi nyuma hatua tatu, nikalichukua. Nilipoanza kusoma nikacheka mpaka nikashika mbavu.

"Colman, huyu Bernadette kafia Coventry. Huyu Boston. Na huyu Tierney umemwandika asubuhi, ukamwandika tena jioni!"

Ndivyo redio yetu ilivyo. Aliyeondoka hapa ana miaka kumi na saba kwenda kuchimba barabara za Uingereza, akifa husomwa kana kwamba kafia ng'ambo ya ua wa jirani. Nikakata wa mbali, nikakata waliorudiwa. Wakabaki kumi na wanane.

"Kaombe kazi serikalini Dublin," akasema, akaninyang'anya daftari. "Unajua kupunguza kama wao."

Siku mbili baadaye Mama akafariki. Cheti kiliandikwa korona. Mwenye gari la maiti akatueleza kwa upole kwamba jeneza halifunguliwi wala halifiki nyumbani, linakwenda makaburini moja kwa moja, na watu wasizidi kumi.

Mimi ndiye niliyepaswa kupiga simu redioni. Colman alikuja nyumbani kwa Mama, akasimama katikati ya jiko.

"Sema nyumba wazi."

"Na jeneza?"

"Jeneza wabaki nalo. Watu waje. Alikula mkate katika kila nyumba ya msiba, leo kwake mlango ufungwe? Kwa namba za kubuni?"

Nitasema kweli: nilitaka. Nilikuwa nimeshahesabu vikombe kichwani. Nilijua tukisema wazi watakuja mia mbili, na nusu yao ni wazee wa rika lake, wasioweza kumnyima Delia heshima hata kama itawaua. Mkono ulikuwa umeshaanza kubonyeza namba.

Nikakosa kalamu ya kuandikia tangazo. Mama alikuwa akitundika yake kwenye msumari nyuma ya mlango, pamoja na kalenda za ushirika wa maziwa, mwaka juu ya mwaka. Ya mwaka huu ilikuwa na maandishi mpaka Februari, alipohamia kwa wazee, kisha nyeupe. Nikaifunua. Aprili ya mwaka jana: misalaba midogo, jina kando ya kila mmoja. Kila maziko aliyokwenda. Saba. Nikafunua nyingine: sita. Nyingine: nane. Nikaendelea mpaka mwaka aliokufa Baba. Hakuna Aprili iliyofika kumi.

"Kalete daftari lako," nikamwambia.

Alilileta. Wale kumi na wanane, wote wa kati ya hapa na mtoni. Akaanza kuwasoma kwa sauti, taratibu, akaishia kwa Mulhern mzee.

"Nilidhani kaninunia," akasema. "Wiki mbili haji getini kunipungia. Niliandika jina lake kwa mkono wangu, na bado nikapita nikidhani kaninunia."

Akavua kofia. Pale mlangoni, kwenye msumari mmoja, kijiji chetu chote kilikuwa kimetundikwa, na sisi tumekuwa tukipiga kelele kuhusu televisheni.

"Sema imefungwa," akasema. "Lakini wasome na njia tutakayopita."

Siku ya pili, saa tano, tulilifuata gari la maiti, mimi na Colman ndani ya gari lake. Kwenye kona ya kwanza walisimama watu, mmoja hapa, mwingine hatua kadhaa mbele, kofia mkononi. Nikadhani ni majirani. Baada ya kona wakaendelea. Maili moja, mbili, pande zote mbili, kimya, mpaka ndani ya mashamba. Penye kiwanda cha maziwa malori sita yalikuwa yamewasha taa mchana kweupe. Sijaona kitu kama kile, na nimeona misiba.

Colman alikuwa anahesabu. Nilimwona midomo inacheza. Karibu na mto ikatulia.

"Umefika ngapi?"

"Nyamaza, Attracta." Akashusha kioo. Getini kwao, mahali alipokuwa akisimama mumewe, alikuwa amesimama mjane wa Mulhern mzee, amevaa koti jeusi.