Ndama wa Ndoo

Sharti la mwalimu wa sayansi ya wanyama lilikuwa wazi: kila mwanafunzi alikabidhiwa ndama mmoja, amlishe na kumpima uzito kila wiki, na mwisho wa mwaka ndama achinjwe, darasa zima lijifunze nyama yake mezani. "Msiwape majina," alionya.

Mwanafunzi mmoja, Daktari, kama baba yake alivyomwita kwa mbwembwe ingawa alishaambiwa mara mia kwamba binti hasomei kutibu, alitii. Wake alikuwa Namba Tisa tu. Ila alimzoesha ndoo ya pumba. Akiigonga ko, ko, ko, ndama anakuja mbio mpaka kwenye mizani. Wenzake walivutana na ndama wao hadi kamba zikawachuna viganja. Yeye akazoa alama zote za kumudu mnyama, akatembea kifua mbele.

Siku ya siku, Namba Tisa alifika mlangoni pa machinjio, akanusa sakafu, akagoma. Wakamsukuma, wakamvuta, wapi! Mchinjaji akatazama saa.

"Mwalimu, arudi bandani," Daktari alisema. "Chukua hata alama zangu."

"Alama zako ziko palepale, mwanangu," mwalimu alijibu bila ukali, akampa ndoo. "Ingia, usimame kule ndani, umwite."

Aliingia. Aliapa moyoni kwamba haigongi ng'o. Lakini alipoinama kuiweka chini, ndoo ikamponyoka, ikadunda sakafuni: ko, ko, ko.

Nyuma yake akasikia kwato zikija mbio.