Chupa ya Dakika ya Tatu

Birindwa aliniambia Ijumaa, tukivua magwanda ya kazi, kwamba spika zake zimekufa.

"Zimekufa kabisa, kamarade. Gitaa inaimba, watu wanaimba, lakini chupa haitoki tena. Weye ulikuwa fundi wa redio kule kwenu. Kesho unipeleke nichague zingine."

Yeyote aliyewahi kula chakula cha mchana na Birindwa katika ghala letu la Eagan, huku ughaibuni, anaijua hiyo chupa. Ana rekodi moja ya bendi ya kwao Bukavu. Ikifika dakika ya tatu waimbaji wananyamaza, linabaki gitaa, na mtu anagonga chupa ya soda kwa msumari. Huyo mtu ni mjomba wake. Kwenye jalada wameandikwa wote, hata aliyebeba vyombo, ila si yeye. Birindwa hulisema hilo kwa hasira kila mara, na mimi nilimpendea hasira hiyo. Mimi pia huwa sisahau nani aliachwa nje ya orodha, na nani aliyeiandika.

Jumamosi saa nne asubuhi nilikuwa kwake Coon Rapids. Aliniwekea rekodi nisikie jinsi spika zilivyoharibika. Dakika ya tatu ikafika, akakunja uso.

"Unaona? Hakuna kitu."

Mimi niliisikia. Kwa sikio la kulia, wazi kabisa: ti, ti-ti, ti. Spika zake zilikuwa nzima.

"Zimezeeka," nikasema. "Twende dukani."

Nitaeleza kwa nini nilidanganya, na nitaeleza kwa tarehe, maana tarehe hazinitoki. Tarehe tisa Januari, mwaka jana, msimamizi alitugawia vizibo vya sponji vya kutia masikioni, pamoja na karatasi ya kusaini. Mashine ya kufunga maboksi kwa mikanda ilikuwa imelegea tangu Septemba, inapiga kelele ya kupasua kichwa, na wao badala ya kuitengeneza wanatuletea sponji! Karatasi ilisema ukishapokea sponji umelindwa, huna dai tena. Karatasi za wakubwa nimejifunza kuzisoma mwenyewe, bila mwalimu, tangu nikiwa kibarua kiwanda cha sukari. Nikapanda juu ya kreti wakati wa chakula. "Hatusaini, hatuvai! Watengeneze mashine!" Tulikataa watu kumi na mmoja. Birindwa alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Wa pili alikuwa Kamau, dereva wa foklifti.

Mashine ilitengenezwa tarehe ishirini Juni. Tulishinda. Tulichoma mbuzi nyumbani kwa Kamau kule Champlin, tukaimba mpaka jirani akachungulia.

Lakini wiki ya pili ya Machi sikio langu la kushoto lilikuwa limeanza mlio, kama mbu aliyenaswa ndani, na mbu huyo hajatoka hadi leo. Sikumwambia mtu. Niliwaza kwamba kiongozi akitia sponji leo, kesho wote watakuwa wamesaini. Niliwaza pia: labda ni mimi tu. Kwa hayo maneno manne nilipata usingizi mwaka mzima na zaidi. Sasa Birindwa alikuwa kando yangu garini, ameikumbatia rekodi yake kifuani, anapiga mluzi, na mimi nimeshika usukani, nje kuna theluji.

Nilijipa matumaini ya kifundi. Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, huchoka kwa miaka. Labda za kwake zilikuwa zimefifia kidogo tu. Labda akipata mpya, chupa itarudi. Nilikuwa tayari kumbebea duka zima mgongoni, mradi chupa irudi.

Duka liko Saint Paul. Lina chumba cha kusikilizia chenye zulia na kochi moja. Muuzaji, mzee wa Kizungu mwenye sweta ya kijani, alitutolea jozi mbili za spika za kukaa kwenye rafu, zote mpya lakini zimetengenezwa kwa sura ya miaka ya sabini. Jozi ya kwanza ilikuwa ya mbao ya kahawia iliyong'arishwa, uso wake sponji ya rangi ya machungwa iliyokatwa miraba, na mbele kuna kitufe cha kuongeza au kupunguza sauti nyembamba. Ya pili ilikuwa nyeupe, imevikwa kitambaa cha kaki, haina kitufe.

Birindwa aliipigia magoti ile ya machungwa. "Ee! Padri wetu alikuwa na kama hizi. Kuangalia alituruhusu. Kugusa, hapana."

"Usichague kwa macho. Hiyo sponji ni urembo tu. Sikiliza."

"Umeanza siasa. Hata spika unataka kuzifanyia mgomo?"

Muuzaji akaweka rekodi, akaanza na zile za machungwa. Tukakaa kwenye kochi, mimi upande wake wa kushoto. Birindwa hunyoosha kidole juu kila mjomba wake anapoingia. Nimemwona akifanya hivyo mezani hata bila muziki, kwa kukumbuka tu. Sikuangalia spika. Niliangalia kile kidole. Waimbaji wakanyamaza. Ti, ti-ti, ti. Kidole kimelala gotini. Ti, ti-ti. Kidole bado kimelala.

"Hizi pia hapana," akasema.

Zile nyeupe: chupa nikaisikia tena, kidole hakikuinuka. Birindwa akaomba zirudishwe za machungwa, akachuchumaa mbele ya spika, akazungusha kitufe hadi mwisho. Chupa ikatoka kama msumari unaopita juu ya kioo. Muuzaji akarudi nyuma hatua mbili, mkono sikioni.

Birindwa akatabasamu. "Aaa! Sasa. Iko mbali, lakini iko. Mjomba! Nachukua hizi."

Basi haikuwa mimi tu.

"Birindwa," nikasema, taratibu. "Si spika. Ni masikio yako. Ni ule mgomo wangu."

Aliendelea kutabasamu, kichwa kinafuata gitaa. Hakusikia neno. Muuzaji hajui Kiswahili. Chumba kizima hakuna aliyejua nilichosema, na moyo wangu ukaniambia: umeshasema, imetosha, mbebee spika zake mwende nyumbani. Lakini nimewatukana mameneja wangapi kwa kusoma habari mbaya kwa sauti ya chini ili wadai baadaye kwamba walituambia?

Nikamwomba mzee anyanyue sindano. Nikasimama mbele ya Birindwa, nikasema kwa ile sauti ya kwenye kreti:

"Spika zako ni nzima! Chupa nimeisikia kwako asubuhi, na hapa nimeisikia mara tatu! Masikio yako ndiyo yameharibika, na mimi ndiye niliyekuambia usivae!"

Mzee akajisogeza taratibu hadi mlangoni.

"Mara tatu?"

"Mara tatu."

"Hata mbele ya kuzungusha kitufe?"

"Hata kabla. Safi kabisa."

Akashika sikio, akaliachia. "Mke wangu anasema ninamdharau. Ananiita, siitiki." Kisha akaniangalia. "Weye ulijua tangu lini?"

Ningeweza kusema leo. Nani angebisha?

"Machi. Wiki ya pili. La kwangu la kushoto."

Akahesabu kwa vidole. "Machi. Aprili. Mei. Juni." Akabaki anaviangalia. "Ulijua, na kila Jumatatu ulipanda kwenye kreti."

"Ndiyo."

"Aprili nilikuuliza nitie pamba tu, chini ya kofia, bila mtu kuona. Ulinijibu nini, kamarade?"

Mimi ndiye mtu asiyesahau. "Nilikujibu kwamba pamba ni saini."

Akainuka, akaitoa rekodi yake kwenye mashine, akaifuta kwa mkono wa sweta, akairudisha kwenye jalada. Muuzaji akauliza kama azifunge zile spika. Birindwa akatikisa kichwa.

"Mpigie Kamau," akaniambia.

"Nitamwambia Jumatatu, uso kwa uso. Nitawaita wote."

"Hapana. Hapa. Uweke sauti ya nje, nisikie vile unasema. Na useme Machi."

Nikapiga. Kamau alipokea upesi. "Mwenyekiti! Umetuamulia nini leo?"

"Kamau, kuna jambo kuhusu masikio yetu."

"Kuhusu nini?"

"Masikio."

"Hebu paza sauti, mzee. Mtandao wa huku Champlin umekuwa mbovu siku hizi, watu wote wananong'ona."

Birindwa hakuniangalia. Nikaiweka simu karibu na mdomo, nikaanza upya, kwa sauti kubwa, kutoka Machi.